Msumari wa Leonir

Mwenge uliwaka saa nne na dakika ishirini asubuhi, na hapakuwa na mtu wa kuuwasha.

Inspekta Jucélia Wosniak aliandika saa hiyo kwenye daftari lake, kisha akainua macho. Nyuma ya mtambo, juu ya bomba refu la chuma, ulimi wa moto wa bluu ulikuwa ukitetemeka bila moshi. Ulivuma chinichini, ukatulia, ukavuma tena, kama pumzi ya mtu aliyelala vibaya. Kando yake Konstebo Edvaldo, aliyebakiza miezi mitano astaafu, alipiga ishara ya msalaba mara mbili.

"Afande, mimi naona nikae garini."

"Kwa nini?"

"Lango lina kufuli. Lina utepe wetu. Ufunguo uko mfukoni mwako. Na bado kuna mtu anawasha moto."

"Kuna mashine inawasha moto."

"Sawa. Na aliyekuwa akiiendesha hiyo mashine tumeshamzika."

Jucélia aliinama. Chini ya lango palikuwa na chupa ya chai yenye maji ya moto, kibuyu cha mate, ile chai chungu ya huku inayonywewa kwa mrija, kilichojazwa majani tayari, na vipande viwili vya mkate mtamu vilivyofungwa kwenye kitambaa cheupe chenye matundu madogo. Aliigusa chupa. Ilikuwa bado ya moto. Alikitazama kitambaa, akakikunja na kukiweka kwenye mfuko wa ushahidi. Edvaldo aliguna.

"Unamnyang'anya marehemu kifungua kinywa."

"Marehemu hatakidai."

Siku kumi na moja zilikuwa zimepita tangu Leonir Scherer, mwendeshaji wa mtambo huo wa bayogesi, aokotwe kifudifudi ndani ya shimo la kutolea tope. Mtambo ulikuwa mali ya familia ishirini na sita za wafugaji wa kijiji cha Linha Faxinal. Kila shamba lilikuwa na tangi lake la kinyesi cha nguruwe na ng'ombe, na bomba moja lilipita shamba hadi shamba likikusanya vyote na kuvileta hapa. Daktari alikuta damu ya Leonir imejaa gesi ile inayonuka kama mayai viza. Mkuu wa kituo aliona ajali: mtu ameingia shimoni bila kupima hewa, na aliyepaswa kumzuia hakumzuia. Ripoti ilikuwa imekwisha kuchapwa. Ilingoja sahihi moja tu, ya Jucélia, kabla ya saa kumi na moja jioni hiyo. Akitia sahihi, mhandisi wa usalama, Heidrun Petry, angepelekwa mahakamani kwa kosa la kuua kwa uzembe.

Jucélia aliomba siku moja kwa sababu ya picha moja.

Ilipigwa na zimamoto kabla ya kuutoa mwili. Leonir amelala uso ndani ya tope. Mkufu umezunguka shingoni, na medali yake ya fedha, ya Mama Bikira, imeangukia kisogoni, juu ya tope, kavu. Kwenye picha medali hiyo inang'aa.

Mhandisi alifika kwa miguu. Alikuwa mwanamke mwembamba wa miaka thelathini na tisa, na siku kumi na moja zilikuwa zimemwongezea mingine. Alimpa Jucélia kipima gesi cha kubana kifuani, akamwonyesha taa ya kijani.

"Ikiwa nyekundu, usifikiri. Kimbia."

"Huo mwenge?"

"Gesi inajaa kwenye puto la akiba, na jenereta mmeifunga nyinyi wenyewe. Puto likijaa, gesi inaachiwa bombani na cheche inaiwasha. Ndiyo kazi yake."

"Hamjalisha mtambo siku kumi na moja. Gesi inatoka wapi?"

Heidrun aliutazama mwenge. "Hilo ndilo linalonisumbua. Mtambo ulikuwa mgonjwa. Wiki mbili kabla Leonir hajafa, gesi ilishuka hadi nusu. Huu mtambo ni tumbo, Inspekta. Vijidudu vilivyomo vinakula kinyesi. Mtu akivipa kitu kichachu kwa wingi, vinazimia. Dawa yake ni kuacha kuvilisha. Mmeacha kuvilisha, vimepona."

"Kwa hiyo mtu alikuwa akivipa kitu kichachu."

"Leonir aliamini hivyo."

"Na wewe ulizungumza naye kwa simu asubuhi ya siku aliyokufa, dakika saba. Kwenye maelezo yako hukuisema hiyo simu."

Rangi ilimtoka mhandisi usoni. Edvaldo, aliyekuwa akielekea garini, alisimama.

"Tuligombana," Heidrun alisema. "Nilimwambia asimamishe mtambo, achukue mapumziko. Akasema hapana, atapita shamba kwa shamba na chupa zake, apime kila tangi hadi ampate huyo mtu. Nilimkemea. Nikamwambia anajifanya polisi. Hayo ndiyo maneno yangu ya mwisho kwake. Ulitaka niyaandike?"

"Ndiyo," Jucélia alisema. "Nilitaka."

Waliingia chumba cha mitambo. Mlango ulikuwa na funguo tatu: wa Leonir, wa Heidrun, na wa Dorvalino Bressan, mfugaji aliyeshika zamu za mchana na ndiye aliyeukuta mwili. Ndani, kwenye mwimo wa mlango wa pili, ule wa kuelekea kwenye mashimo, palikuwa na msumari mmoja, kichwa chake kimesuguliwa hadi kikawa kama kioo.

"Huu wa nini?"

"Wa Leonir. Hakuna anayeutumia mwingine." Heidrun aligusa ukuta kando ya msumari, si msumari wenyewe. "Gesi ya huku inaila fedha. Pete, hereni, chochote kinakuwa cheusi. Leonir kila akifika kazini alivua medali na kuitundika hapo. Akimaliza siku, anaivaa; hata akienda kupima matangi ya mashamba, anaiacha hapa. Miaka tisa. Ningeweza kujua yuko kazini kwa kuutazama msumari tu."

"Aliwahi kusahau?"

"Wewe huwa unasahau kuvua viatu ukiingia kuoga?"

Jucélia aliweka picha ya zimamoto mezani. Mhandisi aliitazama picha, kisha msumari.

"Alikuwa kazini," alisema taratibu. "Ilipaswa kuwa msumarini."

"Tuseme wewe ndiye uliyemkuta amekufa. Medali iko hapo ukutani. Ungefanya nini nayo?"

"Nifanye nini nayo? Ningewaita zimamoto."

"Usingemvisha?"

"Inspekta, mimi Mlutheri. Kwetu hatuvai watakatifu shingoni. Nisingeikumbuka hata kidogo."

Jucélia aliandika. Kisha alivua hereni zake, vipete viwili vya fedha alivyopewa na mama yake, akamwomba Heidrun uzi wa kuvulia samaki. Kwenye ukingo wa shimo la kutolea aliteremsha hereni moja hadi kimo alichookotewa Leonir, akafunga uzi kwenye chuma. Taa kifuani ilibaki kijani. Tope lililokuwa chini lilikuwa jeusi, laini, na halikunuka karibu chochote. Ilikuwa saa nne na dakika hamsini.

"Hapa hapana gesi kabisa?" Edvaldo aliuliza. "Mimi nilidhani ndipo pabaya kuliko pote."

"Watu wa nje wote hudhani hivyo. Nilimwambia mkuu wenu, akasema najitetea," Heidrun alisema. "Hili limekwisha kuiva. Gesi imeshatolewa, tunaweka chuma cha unga kuua ile mbaya, tunapuliza hewa. Kutoka hapa linarudi mashambani kuwa mbolea, linaotesha mahindi, mahindi yanarudi kwa nguruwe. Kabla ya mtambo, kinyesi chote cha Faxinal kilikuwa kikienda mtoni. Sasa kinapika, kinakausha nafaka, kinawasha taa. Hakuna kinachotupwa."

"Kuna mtu alipata cha kutupa," Jucélia alisema.

Bomba lilipita mashamba kwa mpangilio wa namba, na Leonir, mtu wa mpangilio, alilifuata bomba. Kwenye gari lake dogo la mizigo, lililokutwa limeegeshwa langoni mwa mtambo, kulikuwa na kreti la chupa za plastiki zenye utepe wa karatasi na namba. Chupa ya kwanza hadi ya nane zilikuwa zimejaa. Ya kumi hadi ya ishirini na sita zilikuwa tupu. Ya tisa haikuwemo.

Shamba la tisa lilikuwa la Dorvalino Bressan.

Walimkuta uani akisugua ndoo. Alikuwa mtu mrefu, mabega mapana, macho mekundu ya asiyelala. Dirisha la nyumba lililotazama upande wa mtambo lilikuwa limepigiliwa mbao, na mbao zilikuwa mpya.

"Karibuni, karibuni. Babu," alimwambia Edvaldo, "nasikia unaogopa mwenge wetu. Njoo nikupe jibini, mtu akishiba haogopi."

"Mimi siogopi. Ila wewe umeziba dirisha."

Bressan alicheka, kicheko kikaisha upesi. "Ule mwanga unanikera machoni."

"Tunapima hewa kwenye matangi ya njia hii," Jucélia alisema. "Naomba nifungue mfuniko wako."

"Kwangu tu?"

"Naanza na kwako."

Bressan alifuta mikono. Tangi lilikuwa nyuma ya nyumba ya jibini, limezikwa ardhini, na tangu polisi wafunge mtambo hakuna kilichovutwa kwa pampu kutoka humo. Wafugaji wote walirudia kumwaga kinyesi kwenye mabwawa ya zamani. Jucélia alimtaka Edvaldo asimame upande upepo unakotoka, yeye mwenyewe akaufungua mfuniko kwa ncha ya koleo. Taa kifuani iligeuka nyekundu, ikalia. Alirudi nyuma hatua sita, akasubiri hadi ilipotulia, kisha kwa mti mrefu akaipitisha hereni ya pili juu ya tundu na kuiteremsha. Ncha ya mti iligusa tope, ikarudi na makapi ya mahindi. Uzi aliufunga kwenye kigingi, akarudishia mfuniko. Saa tano na dakika ishirini na tano.

"Leonir alipita hapa siku ile?" aliuliza.

"Alipita. Kama saa tano. Akachota chupa yake, tukanywa mate, akaenda zake. Nilikwisha kuyasema."

"Alikwenda wapi?"

"Shamba la kumi. Wapi tena?"

"Chupa ya kumi ni tupu."

Bressan alifikiri. "Basi alibadili mawazo. Alikuwa mtu wa kubadili mawazo, kompadre wangu."

Ndivyo walivyoitana, tangu Bressan amsimamie ubatizo binti wa Leonir. Jucélia alitazama ndani ya nyumba ya jibini kupitia mlango uliokuwa wazi. Kwenye kamba vilianikwa vitambaa vyeupe vya kuchujia, vyenye matundu madogo.

Nyumbani kwa marehemu, mjane wake Marlise aliwapokea jikoni. Mapazia yalikuwa yamefungwa mchana kweupe. Kwenye jiko chakula cha majirani kilikuwa kimepoa bila kuguswa.

"Nina maswali mawili tu, mama," Jucélia alisema.

"Uliza ishirini. Sina ninakokwenda."

"Mume wako angeweza kushuka shimoni peke yake?"

Marlise alimtazama kama aliyeulizwa kama jua huchomoza. "Kaka yake alifia kwenye shimo la kinyesi. Leonir alikuwa na miaka kumi na minne, yeye ndiye aliyeshika taa wakati wanamtoa. Tangu siku hiyo hata kisima hakuinamia. Wanasema aliingia kizembe. Wanasema kanisani, afande, nikiwa nimekaa palepale. Hata binti yangu anarudi shule akilia, wanamwambia baba yako alikuwa mjinga."

"La pili. Medali aliizoea shingoni akiwa kazini?"

"Aliivua mlangoni. Alivua hata kabla ya kuvua kofia. Na waliponiletea vitu vyake, niliiona imefungwa vibaya. Ile ndoano ya mkufu ilikuwa imevunjika zamani, yeye aliipitishia waya na kuipinda mara mbili. Mimi nikimkuta imelegea, naipinda. Safari hii ilifungwa fundo. Fundo moja, dogo, la kubana. Nikafikiri wa mochari ndio waliofunga."

"Watu wa mochari hawakuigusa. Nimewauliza. Unayo hapa?"

Aliileta ndani ya bahasha. Fundo lilikuwa la uzi mweupe wa pamba, limekazwa mara mbili na ncha zake zimekatwa sawasawa. Edvaldo aliinama kulitazama, akasema kwa sauti ya chini:

"Hivyo ndivyo wanavyofunga vifuko vya jibini."

Marlise aliwaangalia mmoja baada ya mwingine, akakaa chini. Hakuuliza ni jibini la nani. Linha Faxinal ilikuwa na mtengenezaji wa jibini mmoja.

"Alinibebea jeneza," alisema. "Alikuwa mbele, upande wa kulia."

Njiani Jucélia alimpigia simu daktari wa mochari. Mazungumzo yalikuwa mafupi.

"Kwenye mapafu ulikuta tope, daktari?"

"Kidogo. Liko kwenye ripoti, ukurasa wa nne. Hakuna aliyefika ukurasa wa nne."

"Mimi nilifika. Nataka kujua lilikuwaje. Lilikuwa na makapi ya mahindi? Nyuzi za majani?"

Karatasi zilipekuliwa. "Hapana. Laini, jeusi. Nililichuja mwenyewe, halina kapi hata moja. Lina maana?"

"Lina maana," Jucélia alisema, akakata simu. Edvaldo alimtupia jicho mara mbili, akaona afadhali aendeshe gari.

Saa saba na dakika hamsini aliivuta hereni ya kwanza kutoka kwenye shimo la mtambo. Ilikuwa imekaa saa tatu kamili. Aliifuta kwa kidole. Ilikuwa nyeupe kama alivyoivua. Heidrun, aliyekuwa amebaki ameketi kwenye ngazi muda wote huo bila kula, aliinuka.

"Basi hakufia hapa," alisema.

"Gesi haikumpata hapa," Jucélia alijibu. Mhandisi hakuona tofauti, naye Jucélia hakumwonyesha.

Kwa Bressan walifika saa nane na nusu. Mwenyeji alikuwa amekaa ndani ya nyumba ya jibini, kibuyu cha mate mkononi, bila kunywa. Jucélia alizunguka nyuma na Edvaldo, akaivuta hereni ya pili, na kabla ya kuufunga mfuniko akashusha kwa uzi kipande cha karatasi ya kupimia uchachu. Kilirudi chekundu, rangi ya uchachu.

Aliingia ndani, akaweka hereni mbili kwenye meza ya mbao, kando kwa kando. Moja nyeupe, nyingine nyeusi kama mbegu ya papai. Chini yake akaweka karatasi nyekundu. Kisha akatoa kitambaa cha langoni, na bahasha yenye medali.

"Hereni nyeupe imetoka shimoni alimookotewa Leonir. Nyeusi imetoka kwako. Damu yake ilijaa gesi, na shimo lile halina gesi. Medali yake inang'aa, kwa hiyo ilikuwa msumarini wakati yeye anaivuta hiyo gesi kwingine. Baadaye mtu mwenye ufunguo aliitoa msumarini akamvisha, na waya wake ulikuwa umekatika, akafunga kwa uzi huu. Mhandisi asingeikumbuka medali. Wewe usingeweza kuisahau."

Bressan aliitazama medali, si hereni.

"Unamwaga ndoo za nini humo tangini, Bwana Bressan?"

"Maji yanayochujwa kwenye jibini," alisema. Sauti ilitoka kavu. "Si yangu tu. Kuna kiwanda cha maziwa mjini, wanaleta na lori, hawana pa kuyamwaga. Nilifikiri ni maziwa tu, afande. Nguruwe hunywa. Mtambo utashindwaje?"

"Na siku ile?"

"Lori lilikuwa limetoka nusu saa kabla. Maji machachu juu ya kinyesi, lile tangi lilikuwa likichemka kama soda iliyotikiswa. Sikujua. Naapa sikujua. Akafika na chupa yake. Nilimwambia, kompadre, acha leo, tunywe mate kwanza. Akasema, mate baadaye. Hakuinama, unajua alivyokuwa, alisimama kando akashusha chupa kwa uzi. Chupa ikajaa, akaivuta, akainusa. Akasema, 'Dorvalino, hiki si kinyesi.' Ndipo akapiga goti atazame ndani. Mara moja tu, miaka yote ile, mara moja. Akaanguka kifua kwenye tundu kama gunia."

"Ukamvuta."

"Kwa ndoano ya majani, kwa mbali, nimebana pumzi. Midomo ilikuwa ya bluu. Niliweka kioo cha saa yangu mdomoni pake. Hakikupata ukungu. Nilisikiliza kifua. Hakuna kitu."

"Hukuita mtu."

"Ningeita nani? Wangeona tangi. Familia ishirini na tano zingenikatia bomba, na jiko langu la jibini linawaka kwa gesi hiyohiyo. Na Marlise angejua ni mimi." Alijifuta mdomo. "Saa sita watu wote wako mezani. Nilimpakia kwenye gari lake. Shimo la mtambo, kila mtu atasema ajali. Sisi tunajua halina kitu. Polisi hamjui."

"Hatukujua," Jucélia alikubali. "Chupa ya tisa?"

"Imo tangini."

"Na medali?"

"Niliiona msumarini nikipita. Nisingeweza kuiacha." Aligeuza viganja juu, vikubwa, vimepasuka kwa chumvi. "Mtu hazikwi... mtu hawekwi mahali kama pale bila mtakatifu wake. Nilimvisha, nikasali Salamu Maria mara tatu, nikamshusha taratibu. Sikumtupa. Andika hivyo. Sikumtupa."

Jucélia aliandika hivyo. Kisha akaiweka kalamu chini.

"Mahindi unawasagia nguruwe wako mwenyewe?"

"Eh?"

"Tope la tangi lako limejaa makapi ya mahindi. La shimo la mtambo limekwisha kuiva, halina hata kapi moja. Daktari alikuta tope kwenye mapafu ya Leonir. Laini. Jeusi. Alilichuja. Maiti haivuti tope."

Bressan aligusa kifua chake mwenyewe, mahali pa mapafu. Edvaldo, mlangoni, alikuwa amevua kofia bila kujua. Kwa mbali, nyuma ya mbao za dirisha lililozibwa, ulisikika mlio mdogo wa cheche, kisha mvumo: mwenge umewaka tena. Ulivuma, ukatulia, ukavuma.

Bressan aliziba masikio kwa viganja vyote viwili. Alipoviondoa, uso wake ulikuwa wa mzee.

"Alitoa sauti," alisema.

"Lini?"

"Nilipomshusha. Uso ulipogusa. Nilijua maiti hutoa hewa, kila mtu anajua, hata nguruwe aliyechinjwa hutoa hewa. Nikajiambia ni hewa. Nikasimama pale nikisema ni hewa, ni hewa." Aliuelekezea kidole ukuta, kule mvumo ulikotoka. "Ni ile. Ndiyo hiyohiyo. Kila ikiwaka. Nilimpelekea mate, nilimpelekea mkate, haachi."

Jucélia alitoa ripoti ya mkuu wa kituo kwenye mkoba. Kwenye nafasi iliyoandikwa jina la Heidrun Petry alipiga mstari mmoja ulionyooka, na sahihi hakutia. Alifungua ukurasa mpya wa daftari. Saa yake ilionyesha saa tisa na dakika sita.

"Ulisimama pale kwa muda gani," aliuliza, "ukisema ni hewa?"

Mwenge ulizimika. Katika ukimya ule Bressan alianza kuhesabu kwa vidole ni Salamu Maria ngapi zingetosha muda ule, ili apate jibu sahihi.